Meza ya Ndege Mbele ya Mlango wa Mayi

Mama yangu alikuwa anajua kutukana ndege kuliko mtu yeyote kutoka Myanga mpaka mtoni. Kwetu mama tunamwita Mayi. Wimbi, ile nafaka yetu ya uji, ikianza kubeba, Mayi alikuwa anapanda juu ya kile kitanda cha miti tunachojenga katikati ya shamba, anakaa hapo tangu asubuhi mpaka jioni, udongo ameuviringisha kama mayai kando yake na fimbo ya kurushia iko mkononi. Wanawake wengine walikuwa wanapiga debe na kusema "hooo, hooo," basi. Mayi alikuwa anaongea na ndege wenyewe.

"Wewe wa shingo nyekundu! Si nilikuona jana? Umerudi na mashemeji? Mama yako alizaa tumbo akasahau kuzaa haya! Nenda kwa huyo jirani, wimbi yake imeota kama nywele ya mgonjwa, huko ndiko mnafaa!"

Na jirani yuko hapo anasikia. Kuna waliocheka, kuna waliokasirika, lakini ndege walikuwa wanaenda. Papa alikuwa anasema yeye alioa sauti, mwili ulifuata nyuma.

Huu ulimi wangu nilitoa kwake. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa shule ya misheni, halafu nikafukuzwa kwa sababu niliigiza mwalimu akiomba, macho imefungwa, mkono mmoja juu mbinguni na mwingine unatafuta kipande cha muhogo mfukoni. Darasa lote lilicheka mpaka mwalimu akafungua macho. Basi mimi nikaenda Kitale kutafuta kazi kwa wazungu, na ndugu yangu mkubwa, ambaye alikuwa na akili ya kunyamaza, akaenda jeshi. Vita vilikuwa vimeanza. Mayi alilia kwa sababu yangu. Alisema huyu mkubwa atatii amri na atarudi, lakini huyu mdogo mdomo utamuua. Alikosea mtoto.

Kitale niliandikwa na memsahib mmoja mzee, mjane, shamba lake likianza pale nyumba za mji zinaisha. Kazi yangu ilikuwa bustani na meza ya ndege. Nguzo imesimama kwa majani mbele ya baraza, juu yake ubao, juu ya ubao mahindi ya kuvunjwa, makombo ya mkate na ndizi. Kando kuna sahani ya maji. Siku ya kwanza nilizunguka hiyo kitu mara mbili nikamwuliza mpishi, "Huu mtego unafunga wapi?"

"Si mtego."

"Sasa anawanenepesha halafu?"

"Hakuna halafu. Anaangalia."

"Anaangalia nini?"

"Wakikula."

Nilidhani mpishi ananifanya mjinga kwa sababu mimi ni mgeni. Kwetu mtu akimwagia ndege chakula, ana kitanzi. Kwa hivyo nikamsaidia memsahib. Nilitoa nywele kwa mkia wa farasi, nikafunga vitanzi vidogo pembeni mwa ubao, na kabla ya saa nne nilikuwa na njiwa wawili wazuri, nikawapeleka barazani nikitabasamu kama mtu anayengoja zawadi. Memsahib aliweka mkono kifuani.

"Hapana kamata!" alipiga kelele. "Wewe naweka chakula, halafu wewe kwenda mbali! Kwenda mbali sana!"

Niliwafungua. Mmoja akaruka, mwingine akatembea kwa miguu kama mlevi mpaka kwenye maua. Kuanzia hapo nikajifunza. Weka chakula saa ile ile kila siku. Maji yasikose. Paka afungwe. Na wewe mwenyewe ukae kama jiwe.

Halafu wakati wa mvua memsahib akagonjeka. Wiki nzima hakutoka ndani. Daktari alikuja na gari mara mbili, na mpishi akaanza kuuliza watu kama kuna kazi kwingine. Asubuhi moja ndege wadogo, wale wa manjano, walikuja wengi wakagombana mezani, kelele kama soko. Mlango ukafunguka. Memsahib alitoka na blanketi mabegani, miguu mitupu, nywele imesimama, akakaa kwa kiti kuwaangalia. Akaomba chai. Siku hiyo hiyo akaomba yai.

Mimi hiyo kitu niliiweka kichwani kama dawa. Ndege wanaamsha mama mzee. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliamini nimeona jambo ambalo daktari hajaliona.

Barua ilikuja imeandikwa na mtoto wa senge, yule dada ya Papa anayekaa kwetu. Mtoto alikuwa darasa la tatu na aliandika kama anachonga mti. "Ndugu yako alikufa Burma. Askari wa chifu alileta karatasi. Mayi hasemi na hakuli. Kuja."

Memsahib aliniandikia ruhusa ya mwezi mmoja, nikaiweka pamoja na kipande changu, ile karatasi ya kazi tuliyokuwa tunavaa shingoni ndani ya kibati kama kengele ya mbuzi. Alisema pole. Halafu akasema mwezi ukiisha bila mimi, ataambia polisi. Vyote viwili alisema kwa sauti moja.

Nilipanda lori mpaka Kimilili, halafu miguu. Nilifika nyumbani siku ya pili mchana. Kitu cha kwanza kuona ni shamba. Wimbi ilikuwa imeanza kubeba, na katikati hakukuwa na kitanda cha miti. Ndege walikuwa wamejaa hapo ndani wanakula polepole, kama watu wamealikwa. Papa alikuwa amekaa nje anachonga mpini wa jembe. Alikuwa ameuchonga mpaka umekuwa mwembamba kama fimbo ya kuchunga kondoo, na bado alikuwa anachonga.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, Papa."

"Yuko ndani."

Mayi alikuwa amelala juu ya mkeka, uso kwa ukuta. Karibu miezi miwili, senge aliniambia. Akigeuzwa anageuka, akiachwa anarudi ukutani. Uji vijiko vitatu kwa siku, vinne kama senge amelia. Nilikaa chini nikamwambia, "Mayi, mzungu wangu ana farasi anakula karoti, na mimi nakula maharagwe. Nikasema nikifa nizaliwe farasi." Alikuwa anacheka hii aina ya maneno mpaka anashika mbavu. Sasa mgongo wake haukutikisika hata kidogo. Nikajaribu ya mwalimu na muhogo. Nikajaribu ya njiwa na kitanzi. Senge alisimama mlangoni akasema, "Wacha, mwana wa ndugu yangu. Unachekesha ukuta."

Ndipo nikakumbuka dawa yangu ya Kitale. Lakini kwa Mayi niliigeuza. Memsahib aliamka kwa kuwapenda. Mayi ataamka kwa hasira. Nikasema nitaleta ndege mbele ya mlango wake kabisa, wakule wimbi ya ghala lake mwenyewe, mbele ya macho yake, na atainuka awatukane. Siku ile atafungua mdomo, nilijiambia, hata kama ni mimi ananitukana, amepona.

Nilikata nguzo ya mti wa lusiola, nikaichimbia hatua sita kutoka mlango, nikapigilia mfuniko wa debe juu yake. Nikaweka wimbi mikono miwili. Maji nikaweka kwa kigae cha chungu. Halafu nikaingia ndani nikasogeza mkeka, na nikamgeuza Mayi aangalie nje, nikamwekea gunia mgongoni asirudi ukutani. Macho yake yalikuwa wazi, lakini sijui kama yalikuwa yanashika kitu.

Papa aliangalia hiyo nguzo muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Meza ya ndege."

"Wanakaa na viti?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mzaha wake wa kwanza na wa mwisho mwaka ule, na hakucheka.

Siku tatu hakuja hata mmoja. Wimbi ya shambani wanakula, ya mezani wanaruka juu wanapita. Nilishangaa mpaka Papa akanieleza bila kuinua kichwa. "Huu uwanja wanaujua. Miaka ishirini wametukanwa hapa. Hata watoto wao wamefundishwa." Ilikuwa kweli. Mayi alikuwa anafanya nusu ya kazi shambani na nusu hapa uwanjani wakati wa kuanika. Hakuna ndege alikuwa na wazimu wa kutua mbele ya ule mlango.

Nikafanya yote niliyofundishwa na memsahib. Saa ile ile. Paka nikampeleka kwa jirani. Nilining'iniza ndizi imeiva, nikatafuta kumbikumbi nikawaanika juu ya bati. Mimi mwenyewe nikakaa nyuma ya ghala kama jiwe, mpaka sisimizi wakanifanya barabara. Siku ya nne akatua tetere mmoja. Alisimama pembeni, akaangalia mlango, akainamisha kichwa mara moja haraka, akaangalia mlango tena. Hakuna udongo uliruka. Akala. Siku ya tano walikuwa tetere watatu na shomoro. Siku ya saba wale wa manjano walikuja, na ile kelele yao, na wale wa shingo nyekundu nyuma yao, na bati ikawa haionekani.

Senge akanikimbilia nyuma ya ghala. "Amegeuza macho! Anawafuata na macho!"

Niliingia nikaona. Kweli. Macho yake yalikuwa yanaenda na ndege, huku, kule. Na mkono wa kulia, ule wa kurusha, vidole vilikuwa vinatembea juu ya mkeka kama vinatafuta udongo. Nilikimbia nje nikaviringisha tonge la udongo nikamwekea mkononi. Alilishika. Hakulirusha. Lakini alilishika siku nzima, na mimi na senge tuliangaliana kama watu wameiba kitu na hawajakamatwa.

Jirani wa upande wa mto, mama mmoja mwenye mwili na sauti, alikuja na mikono kiunoni.

"Ati umejenga kanisa ya ndege? Wanaomba hapa, halafu wanakuja kwangu kutoa sadaka na wimbi yangu?"

"Mama, ni dawa ya Mayi."

"Dawa gani inakula shamba ya watu? Huko Kitale wamekufundisha kulisha mwizi?"

"Ngoja kidogo tu. Akiinuka atawafukuza wote mpaka Uganda. Wimbi yako nayo itapona."

Aliangalia mlangoni, akamwona Mayi amekaa ameegemea gunia, udongo mkononi. Alishusha sauti. "Siku ngapi?"

"Siku chache."

"Nitahesabu," akaenda.

Siku mbili baadaye senge alitoka na sahani akiinua juu kama bendera. Ilikuwa tupu. Ugali umeisha, mboga imeisha. "Amekula! Amekula yote!" Alipiga magoti hapo uwanjani, akaimba wimbo wa kanisa wa kushukuru, akakosea maneno, akarudia. Papa aliweka chini ule mpini. Jioni sahani tena tupu. Kesho yake tupu. Mayi hakuwa anasema bado, lakini senge alisema anasimama, alimkuta amesimama kwa mlango ameshika ukuta. Mimi nilitembea pale nyumbani kama daktari. Nilifikiria vile nitarudi Kitale nimwambie memsahib, na nilikuwa ninamwigiza atakavyoweka mkono kifuani.

Kitu kimoja tu hakikuingia kwa hesabu yangu. Shingo yake. Mtu anakula sahani mbili kwa siku, na shingo inazidi kuwa nyembamba.

Siku ya nne ya sahani tupu nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kwenye migomba nyuma ya nyumba. Senge alikuwa ameweka chakula ndani akaenda mtoni. Nikaona Mayi anatoka. Alitembea akishika hewa, hatua moja anapumzika, hatua moja anapumzika, sahani mkononi. Alifika kwa nguzo. Akaanza kumega ugali vipande vidogo vidogo, vile unamegea mtoto ambaye meno yake ndiyo yanatoka, akipanga juu ya bati. Ndege hawakuruka mbali. Walikuwa wanamjua tayari. Alimaliza sahani yote, akalamba hata vidole? Hapana. Alipangusa vidole kwa bati, wapate na hiyo.

Nilitoka kwenye migomba. "Mayi. Hiyo ni chakula yako."

Hakushtuka. Na alisema. Baada ya ile miezi yote, sauti yake ilitoka kavu na ndogo, si ile Papa alioa.

"Karatasi ilisema kaburi iko wapi?"

"Haikusema."

"Nilimwambia yule mtoto aisome mara tatu. Kaburi hakuna." Alishika nguzo apumzike. "Wanasema huko ni msitu. Mtu akianguka msituni, na hakuna mtu wa kukaa naye, nani anafika kwanza?"

Kila mtu ambaye ameona ng'ombe amekufa malishoni anajua nani anafika kwanza, na anaanza na macho.

"Maisha yangu yote nimefukuza hawa," alisema. "Nimetukana mama zao. Sasa wamemkuta mtoto wangu peke yake, na mimi siko hapo na udongo. Wacha wakule. Wakishiba kwangu, labda watawaambia wale wengine wamwache."

"Mayi, hawa ni ndege wa wimbi. Hawali nyama. Na Burma ni mbali, hata meli inachoka."

"Ndege ni ukoo mmoja," alisema, akarudi ndani, hatua moja anapumzika.

Nilibaki hapo na panga. Hiyo meza niliijenga mwenyewe kwa mikono yangu. Nilitafuta kitu cha kusema, cha kuchekesha hata mimi mwenyewe, na kichwani kulikuwa kimya kama darasa mwalimu ameingia.

Tulijaribu kumlisha kwa mkono. Nilifanya naye mapatano: kijiko kimoja wewe, kijiko kimoja ndege. Alikubali. Siku mbili nilifurahi. Siku ya tatu niliona kwamba nikigeuka kuangalia nje, anatema kwa kiganja na kuficha chini ya mkeka, akingoja niende. Alikuwa mjanja. Ule ujanja wote wa kwangu ulitoka hapo.

Yule jirani alirudi siku zake zilipoisha, amejiandaa kugombana. Nilimweleza. Alisimama akaangalia bati, halafu akaenda. Baada ya saa moja alirudi na wimbi ndani ya ungo, akaimwaga mezani. "Labda wakishiba haraka atakula yeye," alisema. Hakunishinda kwa akili, na hakunishinda kwa ujinga.

Myanga sokoni kulikuwa na mtu alirudi kutoka vita hiyo, mkono mmoja umekatwa, anauza tumbaku. Nilienda kwake.

"Ndugu yangu alifia Burma. Watu walikuwa wanazikwa?"

"Wapi huko Burma?"

"Sijui. Karatasi ilisema Burma tu."

"Burma si soko ya Myanga, kijana." Alifunga tumbaku ya mtu kwa jani la ndizi, kwa mkono mmoja na meno. "Wengine walizikwa."

"Na wengine?"

"Tulikuwa tunatembea. Mvua. Ukisimama kuchimba, unachimbiwa." Akaniangalia. "Unataka nikuambie, ama unataka kitu ya kupelekea mama yako?"

"Ya kupelekea."

Basi akaniambia, haraka, kama mtu anasoma somo la kukariri: shimo refu, blanketi ya serikali, padri, msalaba wa mti, bunduki zimepigwa juu mara tatu. Nilijua si mimi wa kwanza kumwuliza. Nilimshukuru. Akasema, "Usiongeze kitu. Wanaoongeza hawaaminiwi."

Ningemsikia huyo mtu. Lakini mimi nilitembea kutoka Myanga nikipamba. Kufika nyumbani, kaburi lilikuwa na maua, askari arobaini walisimama, na wimbo uliimbwa kwa lugha yetu kwa sababu walikuwako Wabukusu saba. Nilikaa kando ya mkeka nikamwambia Mayi yote. Sikuigiza mtu. Nilisema polepole kama shemasi.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wabukusu saba," alisema.

"Ndiyo, Mayi."

"Ulipovunja chungu changu, ulisema ni ng'ombe wamepita. Nikauliza wangapi, ukasema wanne. Nikakuangalia, ukasema sita." Alifunga macho. "Ukidanganya, mwanangu, unaongeza watu."

"Mayi, hii ni kweli."

"Najua unanipenda," alisema. Na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenipiga.

Siku zangu za ruhusa zilikuwa zimebaki tatu. Niliamua kuvunja ile meza. Nilifikiria hivi: bila meza, hana mahali pa kupeleka chakula, na njaa itamshinda, kwa sababu njaa inashinda watu wote. Asubuhi mapema, kabla hajaamka, niling'oa nguzo, nikaikata vipande vitatu, bati nikaitupa kwa shimo la choo. Nikafukia tundu. Senge alisema sawa.

Mayi alitoka na sahani. Alifika pale, akaangalia chini, akaangalia huku na huku kama mtu aliyekosea nyumba. Sisi tulikuwa kwa mlango wa jikoni tunangoja. Senge alikuwa ananong'ona maombi. Ndege walikuwa juu ya paa na kwa ua, wamekuja saa yao, wanangoja pia.

Mayi aliinua sahani juu ya kiganja. Akanyoosha mkono. Akasimama hivyo.

Nilisema atachoka. Jua lilitoka kwa paa la ghala likafika kwa ua. Mkono ulipoanza kushuka, akaushikilia na ule mwingine chini ya kiwiko. Tetere akaruka kutoka paa, akazunguka, akatua kwa ukingo wa sahani. Mayi aliyumba kidogo kwa uzito wake. Uzito wa tetere. Halafu wa manjano. Halafu wa shingo nyekundu, wale wenyewe aliowatukana kwa ukoo mzima, wakajaa kwa sahani, kwa mkono, mmoja begani, na yeye amefunga macho wasije wakaogopa macho yake.

Papa alisema, "Rudisha nguzo."

"Papa—"

"Rudisha! Hauoni atasimama hivyo mpaka aanguke?"

Nilikimbia nikatafuta nguzo nyingine, nikachimba kwa mikono pale pale kando ya miguu yake, udongo ukiingia kwa kucha, nikalia kama mtoto, na ndege hawakuruka hata kwa sababu ya hiyo. Niliweka kifuniko cha sufuria juu. Nikachukua sahani mkononi mwake nikaiweka. Ndipo akakubali kuanguka, na mimi nikamshika, na hakukuwa na kitu cha kushika. Nimebeba watoto wazito kuliko yeye.

Hakusimama tena. Siku za ruhusa ziliisha nikabaki. Nilisema polisi wakinitaka wanajua Myanga iko wapi. Kila asubuhi senge alipika, Mayi alionja kwa ulimi, mara kijiko, mara nusu, halafu alinitazama mpaka nipeleke iliyobaki nje. Nilipeleka. Nilijaribu mara moja kusimama nyuma ya ukuta na kuila mimi, ili angalau isiende kwa ndege, na nilishindwa kumeza.

Wimbi iliiva. Hakukuwa na mengi ya kuvuna. Senge na jirani walivuna iliyobaki kwa nusu siku.

Ilikuwa Jumatano, karibu na saa tano. Mayi aliniita kwa kidole. Niliweka sikio karibu na mdomo.

"Umewapa?"

"Nimewapa, Mayi."

Nilikuwa nimewapa kweli. Alisikiliza kelele yao ya nje kidogo, akageuza uso kwa ukuta, na nilidhani amelala.

Papa alitoka shambani nilipomwita. Aliingia, akakaa huko ndani muda, akatoka, akasimama karibu na mimi. Senge alikuwa ameanza kulia na watu walikuwa wanakuja kwa njia ya mtoni.

"Alisema nini mwisho?" aliuliza.

Ningeweza kumpatia kitu kizuri. Jina lake, ama Mungu, ama ndugu yangu.

"Aliuliza kama nimewapa ndege."

"Na ulikuwa umewapa?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi," alisema, akaenda kutafuta watu wa kuchimba.